Chumba cha Watu Wawili

Garsen, 9 Novemba 2023

Kwa mke wangu Hawe Kadii, uliyenikimbia ukaenda na mzee,

Salamu kwanza, kesi baadaye. Mimi mumeo mdogo ni mzima, kuku wawili wazima, jogoo alikufa lakini hakufa bure, nilimla. Baba na mama bado wako Hola na wanawasalimu. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha, na wote wawili wana ndevu kama za Tsawe Nyale. Mwambie Tsawe hivyo hivyo. Akikasirika ujue ni kweli.

Hapa Garsen nimeshawatangaza. Kila mtu anajua Tsawe na Hawe, yaani babu na bibi yangu, wamepewa chumba cha bure miezi miwili ndani ya meli ya starehe, kwa sababu shangazi Cynthia amefua mashuka ya meli hiyo miaka kumi bila kuchoma hata moja. Boru, yule rafiki yangu, hataki kuamini. Anasema wazee wa kwetu hawapandi meli za starehe, mmepelekwa kuosha sahani. Nikamwambia, wewe uliyezaliwa nyuma ya ng'ombe, meli utaijulia wapi? Huko kuna bwawa la kuogelea juu ya bahari, yaani maji yamebeba maji. Akanyamaza. Mimi nikinyamazisha mtu, ananyamaza wiki nzima.

Simu yangu ilikunywa maji ya mto Jumatatu, imelewa mpaka leo, na shangazi anasema mtandao wa melini unauzwa kama dhahabu. Kwa hiyo ni barua. Si neno. Niliachia kidato cha pili, lakini mwalimu wa Kiswahili alisema mkono wangu unaandika haraka kuliko kichwa changu kinavyofikiri, nami nikaichukua kama sifa. Barua nampa kondakta wa basi, yeye anampa Tuneya muuza chai wa geti la bandari, naye anampa shangazi meli yenu ikirudi Mombasa, kila wiki ya tatu. Huyo Tuneya hajawahi kuniona. Mwambieni mimi si mtoto, asije akanirudishia barua na peremende.

Sasa habari ya hapa. Mto umekuja. Mliondoka ukiwa na adabu zake, sasa umeingia nyumbani bila hodi. Jumanne tarehe saba maji yalifika kizingitini. Nikafanya kazi ya wanaume watano. Kwa mtumbwi wa kuazima, safari tatu, peke yangu, nimehamisha godoro lenu, sufuria zote, redio ya Tsawe na mbegu za mahindi, mpaka kambini, kwenye mahema kando ya barabara kuu. Kila kitu chenu ni kikavu, Hawe. Hakuna kilichobaki nyuma.

Na lile agizo la Tsawe, kwamba kila Jumwa, siku yenu ya kutolima, nimmwagie ndugu yake marehemu maji ya unga pale kwenye koma, nimwambie msafiri amesafiri na atarudi, mwambie asiwe na wasiwasi. Yule ndiye niliyepewa jina lake. Wajina hawagombani. Hiyo koma, huo mti wenu mnaouvisha vitambaa kama bwana harusi, iko salama kuliko mimi.

Leteni picha. Nimekwisha kuahidi watu.

Ni mimi mumeo halali,
Kombe mdogo


Melini, 5 Desemba 2023

Kwa mume wangu Kombe, usiyenawa miguu,

Barua yako ilinikuta Mombasa, Cynthia akanisomea chini kwenye chumba cha kufulia, tukacheka mpaka mkuu wake akaja kutazama. Sasa yeye anaandika na mimi nasema. Salamu zako zimefika. Salamu zetu ni hizi: mgongo wangu mzima, goti la kushoto linajua mvua kuliko redio, Cynthia amenenepa. Poleni na mafuriko. Nimefurahi mko juu barabarani. La jogoo tutalizungumza nikirudi.

Meli ni kubwa, mume wangu. Ukienda kula unaweza kupotea, na wanakula mara sita. Kuna mama mmoja wa Kizungu kila asubuhi analala juani akiwa amejipaka mafuta, nilifikiri mgonjwa, nikaenda kumpa pole. Akanipa mafuta. Chumba chetu kiko chini kabisa, hakina dirisha, ndiyo maana hakina mteja. Ni chumba cha watu wawili. Hilo limeandikwa mlangoni, na ndilo ninalotaka kukueleza.

Kuna kijana wa Kifilipino anayetutandikia. Siku za mwanzo alikuwa akituachia peremende mbili juu ya mto, na taulo mbili alizozikunja zikawa wanyama, leo sungura, kesho tembo. Tangu ile Jumanne ya tarehe saba Novemba anaweka peremende tatu, na taulo ya tatu anaikunja mamba. Nikamwambia kwa vidole, sisi wawili. Akacheka, akanionyesha kitanda. Ni vitanda viwili vilivyounganishwa, mimi huku na Tsawe kule. Katikati palikuwa pamebonyea urefu wa mtu, na shuka ilikuwa mbichi.

Nilimlaumu Tsawe, nikasema ni uzee. Alitabasamu, kama mtu aliyeombwa atunze siri na anaitunza.

Halafu tukafika Shelisheli. Meli haikusogea ufukweni, watu walipelekwa kwa mashua ndogo, na afisa ana kidude anachobonyeza kila kichwa kinapopita. Mashua yetu ilishusha watu arobaini na mmoja. Jioni kurudi, arobaini. Wakahesabu tena. Sisi wote tuliokuja tulikuwepo, kila mtu amekaa pale pale alipokaa asubuhi. Wageni wakaanza kunung'unika. Tsawe akasema, kwa Kigiriama, kwa sauti ya kawaida tu: "Mngojeeni. Kutembea na nguo mbichi si rahisi." Baada ya muda mashua ikainama upande mmoja, kama inavyoinama mtu akiingia. Afisa akahesabu: arobaini na mmoja. Tukaondoka.

Chumbani kunanuka, Kombe. Si bahari. Tope la Tana nalijua, nimeolewa nalo miaka hamsini.

Nakuuliza moja tu, na usinijibu kwa hadithi za Boru. Unammwagia shemeji yangu maji ya unga, mahali pake?

Mkeo mkubwa,
Kadii


Garsen, 18 Desemba 2023

Mke wangu wa baharini,

Salamu zako nimezigawa, kila mtu amepata na zimebaki. Hapa kambini tunaishi kama wabunge, kila kitu kinaletwa, ila kinachelewa. Maji yamesimama, hayapandi hayashuki. Mzee Mahadi amepoteza ndama wanne, wengine amewahamishia kule juu kwenye mchanga. Mama yake Boru anawapikia watoto wote wa mstari wetu. Mimi nimechaguliwa kugawa mahema. Sikupigiwa kura, nilisimama tu mbele na sauti ilikuwa yangu.

Kisa chako nimekisoma mara mbili, cha pili nikakisoma kwa Boru. Boru ni Mwislamu wa kweli, alisoma dua yake kimya kimya kisha akasema, huyo bibi yako anapewa peremende ya bure analalamika. Mimi nakupa sababu tatu. Kwanza, kijana wa Kifilipino hajui hesabu. Pili, Tsawe ana mpango wa kando, chunguza yule mama wa mafuta. Tatu, umekula mara sita kwa siku, Hawe, kitanda gani hakitabonyea?

Swali lako nimeliona. Unga wa msaada ulikuja mara moja, kilo mbili kwa hema. Kombe mkubwa ni mtu wa kuelewa. Nilimwambia kesho, akakubali, maana hakukataa.

Siku hizi nalala nje ya hema. Si kwa sababu yoyote. Ni joto. Godoro lenu liko ndani, limefunikwa blanketi mpaka shingoni. Namaanisha limefunikwa vizuri. Wala silali juu yake, hilo nakuapia.

Mnashuka tarehe thelathini, sivyo? Nitakuja Minjila, pale basi linaposimama, kuwapokea kwa mkokoteni, nimeshauazima. Peremende za tatu usizile, niwekee.

Mumeo mwenye shughuli nyingi,
Kombe


Bandarini Mombasa, 30 Desemba 2023

Kombe,

Leo sikuiti mume. Salamu ni za Mungu, zipokee. Mkokoteni urudishe.

Hatukushuka. Asubuhi nilikuwa nimefunga mizigo, Cynthia amekuja kutuchukua, Tsawe amevaa viatu na kofia. Akaketi kitandani, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga chini. Nikamwambia, Nyale, watu wanatungoja. Akasema: "Siwezi kumwacha kaka njiani. Hana pa kurudi."

Nikamwuliza nani amemwondoa kaka yake mahali pake. Akasema: "Muulize wajina wake."

Sasa nakuuliza, na nakwambia kwa nini nakuuliza, maana haya hukuwahi kuambiwa yote. Unajua tu kwamba alizama. Walikuwa vijana, Kombe alikuwa na umri wako huo huo. Walipalilia pamba ya watu msimu mzima wapate nauli ya kwenda Mombasa kutazama meli. Si kupanda, kutazama. Nauli ilitimia na mvua ikatimia. Walivuka mto kwa mtumbwi kuja kupanda basi, na mtumbwi ukafika na mmoja. Mwili haukuonekana. Tulipomsimamishia koma pale kwenye kichuguu, Tsawe alisema yale maneno mwenyewe: hapa ndipo kwako, usitangetange. Koma ikishasimama haihamishwi, hata watu wakihama. Ndiyo maana za wazee wetu tuliziacha kusini tulikotoka. Ukiing'oa umempa mtu miguu na hujampa njia.

Tsawe hana hofu, na hilo ndilo linalonitisha mimi. Mchana anasimama kwenye sitaha, anaonyesha kwa kidole, hii ni meli ya mafuta, ile ni ya makasha. Anaonyesha upande ambao hakuna mtu. Anaagiza chai tatu. Ya tatu haipungui, inapoa tu, na chini yake inatulia tope.

Cynthia amempigia magoti mkuu wake, tumeruhusiwa kukaa mpaka tarehe kumi Februari. Siku hiyo meli inaacha maji ya huku, inakwenda Ulaya. Tsawe anasema kama kaka hajapata pa kurudi, ataondoka naye. Ana miaka sabini na minane. Dawa zake za presha hazifiki huko. Hatafika huko, Kombe, na mimi simwachi aende peke yake. Kwa hiyo ni sisi wote wawili.

Koma iko wapi?

Kadii

Mimi Cynthia naongeza hapa, Mama hajui. Mashuka ya chumba chao nafua mwenyewe, sitaki wenzangu waone. Kila siku kichujio cha mashine kinatoa tope la kahawia na makapi ya mpunga. Nimefanya kazi hii miaka kumi. Bahari haina mpunga.


Garsen, 9 Januari 2024

Hawe,

Salamu. Tumerudi nyumbani tarehe sita, ukuta wa jikoni umelala, mwingine umesimama. Nimeanza kuupiga udongo.

Nilikuwa na mzaha mwingi wa kuandika hapa, nimeufuta.

Niliing'oa mimi. Ile Jumanne. Maji yalikuwa yamefika kwenye vitambaa, na nikakumbuka watu wanavyoiba miti ya wazee wa watu wakaiuze kwa wanaopamba nayo sebule, nikasema, kijana mwerevu hawezi kuiacha. Nilijiona nimefanya jambo ambalo hata Tsawe asingeweza. Nikaupakia mti kwenye mtumbwi, nikamvusha. Nilipiga kasia nikiimba, Hawe, kumbe namvusha mtu aliyeshindwa kuvuka. Kambini nikauficha kwenye godoro lenu, katikati, nikaufunika blanketi mpaka shingoni ili vijana wasiuone wakanicheka. Maji ya unga sikumpa hata mara moja. Unga niliusonga ugali.

Sasa kuna jambo sijamwambia hata Boru. Nilipoung'oa ulikuwa mzito, niliubeba begani nikihema. Nilipouinua juzi nirudi nao, ulikuwa mwepesi kama kibuyu kilichokauka. Nimeugonga, haulii. Na godoro lilikuwa kavu kabisa, halina hata bonde. Yaani miezi miwili mti ule ulilala hapo na hakuna aliyelala.

Nilitaka kuurudisha kabla hujajua. Nikaenda na kijembe. Hawe, kichuguu hakipo. Mto umekula kingo kuanzia kwenye ule mkindu mpaka karibu na choo chetu. Pale koma iliposimama sasa ni maji, yanazunguka taratibu, yananifika hapa shingoni. Nimepima kwa mti mrefu, si kwa mwili wangu.

Nifanyeje? Niisimamishe mlangoni? Naweza kuchimba shimo zuri sana.

Kombe


Bandarini Mombasa, 20 Januari 2024

Kombe mume wangu,

Salamu, na asante kwa kusema. Umechelewa, lakini umesema. Meli inaondoka saa moja ijayo, Cynthia anaandika akiwa amesimama.

Mlangoni usiisimamishe. Atakayesimama mlangoni ataingia ndani. Mahali pake ni mahali pake, hata kama pamekuwa maji. Irudishe pale pale.

Fanya mchana, jua likiwa utosini. Mtu akufunge kamba kiunoni, lakini wa kuugusa mti ni wewe tu, uliyeuondoa. Unga uwe mweupe na uwe wako, usiwe wa msaada. Sema jina lake, useme jina lako. Mwambie umekosa. Kisha yale maneno ya Tsawe: hapa ndipo kwako. Mara moja katika maisha yako, usijisifu.

Tsawe amekonda. Usiku na mchana wanaongea mambo ya utotoni, na yeye sasa anacheka kama mtoto. Jana nilimwita jina lake akageuka, akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka tulikutana wapi.

Tumebakiwa na siku ishirini na moja.

Kadii


Garsen, 2 Februari 2024

Mke wangu Hawe Kadii,

Salamu nyingi. Barua yako ilikaa Malindi siku nane kwa sababu ya barabara, nimeipata jana. Leo ni Ijumaa, tena ni Jumwa. Leo nimefanya.

Boru alikuja na kamba yao ya kufungia ng'ombe. Nilimweleza yote, nikangoja anicheke. Hakucheka. Alisema kwao mambo haya hawafanyi, lakini mtu akiingia majini rafiki anashika kamba, hilo lipo kila mahali. Akanifunga kiunoni, ncha nyingine akaizungushia mkindu. Nikavua shati nikaliweka ukingoni juu ya jiwe, nikashika mti na unga kwenye kifuko, nikaingia.

Maji yalinifika shingoni kama nilivyopima. Sikujisifu, Hawe. Nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana, na jua lilikuwa utosini. Nikamwaga unga, ukaelea, ukazunguka ukatengeneza duara, ukazama pamoja wote. Nikasema, Kombe, mimi ni Kombe. Nikasema nimekosa, nilikutoa mahali pako nikakulaza kama mzigo, nikala unga wako. Nikausukuma mti chini. Ukakataa. Ulikuwa mwepesi, kila nikiusukuma unarudi juu, unanigonga kifuani. Mara tatu. Boru akasema toka, tutajaribu siku nyingine.

Hapo nikasema lile ambalo hukuniagiza. Nilimwambia meli umeshaiona sasa. Umeiona kuliko mtu yeyote wa Garsen. Mwachie mdogo wako ashuke. Hapa ndipo kwako.

Mti ukawa mzito.

Nataka niandike vizuri hapa maana Boru hakuona, aliona uso wangu tu. Haukuzama kama kitu kinavyozama. Ulishuka umenyooka, taratibu, vile mnaposimamisha nguzo watu wawili, mmoja anaelekeza juu na mwenzake amepiga magoti anaingiza shimoni. Juu nilishika mimi. Chini alishika mwenyewe. Ulipofika mwisho ulitikiswa mara mbili kupima kama umekaa, na si mimi niliyetikisa. Kisha kitu kikanigusa kwenye kifundo cha mguu, kikanipigapiga, kama mtu anavyompigapiga mtoto aliyefanya kazi vizuri. Boru akavuta kamba. Kama nilimwambia avute sikumbuki, yeye ndiye anasema nilimwambia.

Nimekaa juani mpaka alasiri ndipo nikaacha kutetemeka. Sasa naandika na mkono umetulia. Niko mzima, nimekula, uwe na amani.

Jambo dogo. Shati langu la kijani, lile ulilonitilia kiraka cha leso nyekundu mfukoni, nilipotoka sikulikuta juu ya jiwe. Boru anaapa hakuligusa, na anasema hakutoka mtu majini ila mimi. Nimekubali ni nyani. Huku nyani wamekuwa wezi tangu mafuriko. Ukirudi nishonee jingine, na safari hii kiraka kiwe cha bluu, nyekundu haikunipendeza, sikukwambia tu.

Barua hii nimemwagiza kondakta ampe Tuneya akuwekee. Shukeni, Hawe. Shukeni wawili, njooni. Nimepiga udongo ukuta wote.

Mumeo,
Kombe


Kwa Tuneya, geti la bandari, Mombasa, 10 Februari 2024

Kwa mume wangu Kombe,

Salamu za nchi kavu. Tumeshuka. Anayeniandikia leo ni Tuneya, Cynthia ameshapanda tena na meli inafungua kamba. Barua hii inakuja na basi la asubuhi, sisi tunakuja na la mchana, kwa hiyo isome sasa hivi, ulipo, ukae chini.

Kwanza pokea sifa yako. Ile Ijumaa tulikuwa mezani, baharini, jua liko utosini. Tsawe akaweka kijiko chini akasema: "Kaka ameshuka." Pande zote ni maji, Kombe, hakuna hata kisiwa. Akamaliza chakula chote. Tuliporudi chumbani shuka ilikuwa kavu, na kijana wa Kifilipino alikuwa ameweka peremende mbili. Siku ile Tsawe aliniita kwa jina langu, akaniuliza dawa zake ziko wapi. Leo asubuhi kwenye ngazi afisa alibonyeza kidude chake: mmoja, wawili. Nikashukuru kwa sauti, watu wakageuka.

Cynthia alinisomea barua yako hapa hapa nje ya geti, amenishika mkono. Nilicheka uliposema nyani.

Alipoondoka, Tuneya akatuwekea chai. Akaweka bilauri tatu. Nikamwambia mwanangu, tuko wawili. Akasema, na mjukuu wenu je, aliyekuja kuwapokea? Akasema kijana yuko hapa siku ya saba leo. Anakaa kwenye benchi anatazama meli zinavyoingia, zote, hata za makasha. Hali. Chai anaiacha inapoa. Tuneya alimwuliza jina akasema Kombe, na kwa vile hajawahi kukuona, akafurahi kwamba ndiye wewe, akamwambia avue nguo azianike maana haziishi kuwa mbichi. Hakuvua.

Hapa Tuneya ameweka kalamu chini, amegeuka kulitazama benchi. Nimemwambia aandike tu.

Barua yako ninayo mfukoni, kwa hiyo najua wewe uko Garsen, umekula, na umepiga ukuta udongo. Kijana amekaa benchi la mbele yangu, amenipa mgongo. Shati ni la kijani. Aligeuka mara moja kumtazama Tsawe, nikaona mfuko. Kiraka nilikishona mwenyewe, naujua uzi wangu.

Tsawe hakushtuka. Alikwenda kuketi karibu naye, viatu vyake amevaa, akili yake anayo. Kisha akarudi akaniambia mambo mawili. La kwanza, kaka hakuja kumchukua, amekuja kumpokea, kama ndugu anavyompokea ndugu aliyetoka safari. La pili, nauli ya kurudi hawakuwahi kuitumia, wala kaka hajawahi kupanda basi. Tsawe amekata tikiti tatu.

Basi likifika watashuka watatu. Usikimbie. Wewe ndiye mwenye jina, ni wewe utakayemkaribisha. Mpe maji ya kunywa kabla ya kumwuliza habari. Akiyanywa, mpeleke mtoni taratibu, mwonyeshe kwake, urudi bila kugeuka. Usimwulize ameionaje meli, ataanza kusimulia.

Na shati usilidai.

Kadii